Mwili wa Mtoto, Amana ya Mzazi

Mtoto mwenye distonia kwa kawaida hafi kwa maradhi yake, na hapo ndipo mushkeli unapoanzia. Lau angekuwa anakufa, kisu cha daktari kisingehitaji hoja ndefu. Mzazi yeyote angetia saini huku machozi yakimtoka, na hakuna ambaye angemlaumu, ufanikiwe upasuaji au usifanikiwe. Lakini mtoto huyu anaishi. Anakula, ijapokuwa kwa tabu, anacheka, akili yake mara nyingi ni timamu kama ya wenzake, naye anafahamu kila linalosemwa juu yake pale kitandani. Kilichomharibikia ni amri baina ya ubongo na misuli. Misuli ambayo kwa watu wengine hupokezana kazi, huu ukikaza na ule ukilegea, kwake hukaza yote kwa pamoja, na mwili ukasokotwa kama nguo inavyokamuliwa: mguu ukageukia ndani, shingo ikapinda upande, mgongo ukajikunja mithili ya upinde. Akilala usingizi, vyote hutulia. Akiamka, vyote hurudi.

Je, ni halali kuutoboa ubongo wa mtoto wa namna hii, na kumtia nyaya za umeme ambazo huenda akawa nazo umri wake wote, ili apate kusimama, au kuketi tu, au kushika kijiko? Na ikiwa ni halali, nani mwenye haki ya kusema ndiyo kwa niaba yake? Swali hili limeulizwa hospitalini kwa muda wa zaidi ya robo karne, na waliolijibu ni madaktari, kwa lugha ya asilimia. Lakini si swali la udaktari peke yake. Ni swali la nini mtu mzima anaruhusiwa kukifanya katika mwili usio wake.

Kiswahili hakina jina moja la maradhi haya. Kina vitenzi vya kuyaeleza: kukakamaa, kupinda, kusokoteka, kujinyonga, na huenda kukosa jina kukawa ni afadhali kuliko kubandikwa jina la uongo, kama yalivyobandikwa huko Ulaya. Mwaka 1908, katika mji wa Berlin, Marcus Walter Schwalbe aliandika tasnifu juu ya ndugu watatu wa familia moja waliokuwa wakisokotwa na misuli yao, na ndani ya anwani yenyewe ya tasnifu akatia dalili za histeria. Miaka 3 baadaye Hermann Oppenheim, katika mji huo huo, aliyapa maradhi jina la distonia, akashikilia kuwa asili yake imo mwilini. Hakusikilizwa sana. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 watoto wengi wenye distonia walipelekwa kwa madaktari wa maradhi ya akili, na wazazi wao wakaulizwa ni ugomvi gani uliomo nyumbani.

Mtu asifanye haraka kuwacheka madaktari hao. Distonia ina vituko vinavyomfanya mgonjwa aonekane mwongo. Mtoto asiyeweza kwenda hatua chache mbele bila ya mguu kumpinda, huenda akaweza kwenda kinyumenyume, au hata kukimbia. Mwengine shingo imemgeuka kabisa, lakini akiligusa shavu lake kwa kidole kimoja, shingo inarudi mahali pake. Usingizini hana ugonjwa. Nani angeamini? Katika pwani ya Waswahili mtoto kama huyo aliweza kuhesabiwa miongoni mwa waliopandwa na shetani, akafukizwa ubani na kuchezewa ngoma. Berlin na New York nako walikuwa na shetani wao, ila walimwita nafsi. Hadi mwaka 1997, ilipopatikana jeni ya aina mashuhuri ya distonia ya utotoni, ile iitwayo DYT1, ndipo hoja ya uongo ilipokatika mzizi. Na jeni hiyo nayo ina ajabu yake: katika kila watu 10 wanaoirithi, kama 3 tu ndio wanaougua. Baba mzima wa afya anaweza kumpa mwanawe msokoto ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuuonja.

Historia hii ni ya lazima kwa sababu inaonesha kwamba madhara ya mwanzo aliyofanyiwa mtoto mwenye distonia hayakuwa ya kisu. Yalikuwa ya kutosadikiwa.

Kisu nacho kilikuja mapema. Katika miaka ya 1960 Irving Cooper, mpasuaji wa ubongo wa New York, alikuwa akiwapasua wenye distonia, wakiwemo watoto, kwa kuigandisha kwa baridi kali sehemu ndogo ya thalamasi, iliyomo ndani kabisa ya ubongo, mpaka ikafa. Wako waliosimama baada ya miaka ya kutambaa. Wako pia waliopoteza usemi wao, khasa pale ubongo ulipoguswa pande zote mbili. Mwaka 1973 Cooper alichapisha kitabu juu ya wasichana wawili wadogo wenye maradhi haya, akakiita The Victim Is Always the Same, yaani mhanga ni yule yule siku zote. Anwani hiyo inafaa kubaki akilini, maana mpasuaji akikosea, anayelipa si mpasuaji. Na mpasuaji akikataa kupasua, anayelipa vile vile si yeye.

Mwaka 1987, katika mji wa Grenoble nchini Ufaransa, Alim-Louis Benabid na Pierre Pollak walionesha kwamba umeme wa mapigo ya haraka, ukipelekwa ndani ya ubongo kwa waya mwembamba, unaweza kutuliza mtetemeko bila ya kuiua sehemu yoyote. Ukizima umeme, mambo hurudi yalivyokuwa. Hili lilibadilisha hesabu ya kimaadili. Kile kilichokuwa hakina marejeo sasa kikawa na swichi. Mnamo 1996, katika mji wa Montpellier, Philippe Coubes na wenzake walianza kuitumia njia hiyo kwa watoto wenye distonia, na mwaka 2000 wakatoa katika jarida la Lancet habari za wagonjwa 7 wa DYT1, wengi wao watoto. Maradhi yao yalikuwa yamepungua kwa wastani wa asilimia 90. Watoto waliokuwa wakilishwa kitandani walikwenda kwa miguu yao.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Fuvu hutobolewa matundu mawili madogo, kulia na kushoto, na katika kila tundu hupitishwa uzi wa elektrodi wenye unene wa milimita moja na kitu, mpaka ufike kwenye kiini ambacho wanaanatomia wamekiita kwa Kilatini tufe lililopauka. Nyaya hupita chini ya ngozi, nyuma ya sikio, zikateremka shingoni hadi kwenye betri iliyozikwa kifuani au, kwa watoto wadogo, tumboni. Mapigo huenda mara 130 kwa sekunde au karibu ya hapo. Mwenye mtetemeko hutulia papo hapo umeme unapowashwa, lakini mwenye distonia hungoja. Mirusho ya ghafla hupungua baada ya siku au wiki; mipindo iliyokaza huchukua miezi, pengine mwaka, kulegea. Ni kama kwamba ubongo haukuamrishwa bali unafundishwa.

Asilimia 90 ya Montpellier ni nambari nzuri mno, na uzuri wake umeleta dhulma. Imesomwa na wazazi ambao watoto wao hawana DYT1. Utafiti mwengine wa Ufaransa, uliochapishwa mwaka 2005 kwa wagonjwa 22 wa distonia ya asili, wengi wao watu wazima, ulitoa wastani wa nusu. Na kwa wale ambao distonia yao imetokana na mtindio wa ubongo, yaani ubongo uliojeruhika wakati wa kuzaliwa au karibu na hapo, utafiti wa mwaka 2009 kwa watu wazima 13 ulitoa asilimia 24 tu, tena kwa tafauti kubwa baina ya mtu na mtu. Hawa ndio walio wengi duniani. Mzazi anayeingia mlangoni na nambari ya 90 kichwani, akatoka na mtoto aliyepona kwa 24, hakudanganywa na mtu, lakini amedanganyika.

Kisha pana wale ambao maradhi yao yenyewe hayasimami. Iko aina ambayo madini ya chuma hujikusanya katika lile tufe lililopauka, hata picha ya ubongo ikaonesha doa jeupe ndani ya weusi, nao madaktari wakaliita jicho la chui milia. Mtoto wa aina hii huweza kupata nafuu ya kweli kutokana na umeme, kisha maradhi yakaendelea na safari yao na kuipita nafuu. Je, miaka miwili ya kuketi bila maumivu ina thamani ya tundu mbili za fuvu? Anayejibu haraka, kwa ndiyo au kwa la, hajapata kumbeba mtoto anayelia usiku kucha kwa mkazo wa misuli.

Na asilimia zenyewe ni za nini? Mizani inayotumika zaidi, ya Burke, Fahn na Marsden, humpa mgonjwa alama kuanzia 0 hadi 120 kwa kuangalia macho, kinywa, shingo, mikono, kiwiliwili na miguu. Haiulizi kama mtoto amelala usiku. Haiulizi maumivu, wala haiulizi kama mama anaweza kumvisha suruali bila ya kusaidiwa na jirani. Watibabu wa viungo wa London walipoanza kuwauliza watoto na wazazi wenyewe wanataka nini, majibu yalikuwa madogo na mazito: kuketi kitini kwa raha, kuendesha kiti cha magurudumu kwa mkono wake mwenyewe, kushika kitu asikiangushe. Na baadhi ya watoto ambao mizani haikuonesha kitu juu yao walikuwa wameyafikia waliyoyataka.

Hoja hii ni ya haki, lakini ina makali pande mbili. Ikiwa mizani haioni kila kitu, basi kila kushindwa kunaweza kupakwa rangi ya ushindi usioonekana. Mzazi aliyeuza shamba ili mwanawe apasuliwe atauona ushindi hata pasipokuwapo. Ndiyo maana matakwa ya mtoto yanapaswa kuandikwa kabla ya upasuaji, si kutafutwa baadaye.

Khasara nazo zina orodha yake, na haifai kuipamba. Damu kuvuja ndani ya ubongo ni jambo adimu, lakini ni jambo ambalo likitokea halina kauli. Maambukizo ya ngozi na nyaya si adimu: ripoti kadhaa za watoto zimeyakuta kwa karibu mtoto mmoja katika kila 10, na mara nyingi dawa yake ni kukitoa kifaa chote na kuanza upya. Waya hukatika, maana mtoto si mzee wa kukaa barazani. Huanguka, hurukaruka, na tena hukua. Shingo inarefuka na waya haurefuki, kwa hiyo wapasuaji huacha mzingo wa ziada chini ya ngozi, kama baharia anavyoacha kamba ya akiba. Betri ya kawaida huisha kwa miaka 2 hadi 4 kwa sababu distonia hula umeme mwingi, na kila ikiisha ni kisu kingine. Na ikiisha ghafla bila ya kugunduliwa, mwili unaweza kurudi kwenye msokoto wake kwa ghadhabu: misuli yote ikakaza bila kuachia, homa ikapanda, figo zikaelemewa. Hali hii madaktari wameiita dhoruba ya distonia, na hapo ile kauli kwamba mtoto wa distonia hafi haisimami tena.

Wanafalsafa walioandika juu ya nyaya za ubongoni wamepoteza wino mwingi kwenye suala la nafsi: je, mtu aliyetiwa umeme ubongoni ni yeye yule? Kwa mzee wa maradhi ya kutetemeka, ambaye baadhi ya wakati tabia hubadilika baada ya umeme, swali lina mahali pake. Kwa mtoto wa distonia limezidishiwa uzito. Akili na kumbukumbu mara nyingi hubaki zilivyo. Na kama nafsi ya mtu ni yale ayatendayo, basi mtoto asiyeweza kulitenda hata moja katika anayoyataka amenyimwa nafasi ya kuionesha nafsi yake tangu mwanzo. Suala zito liko pengine. Liko kwenye wakati.

Waswahili wameisifu subira kuliko fadhila nyingi nyengine. Subira huvuta kheri, husemwa, na haraka haraka haina baraka. Kwa upande mmoja distonia inawapa haki wenye methali hizi. Masaya Segawa, daktari wa Japani, alieleza katika miaka ya 1970 aina ya distonia ambayo mtoto huamka asubuhi mzima na kufikia jioni anaburura mguu; na mtoto huyo akipewa dozi ndogo tu ya levodopa, anatembea, na nafuu yake hudumu miongo na miongo. Wako wenye maradhi hayo walioishi miaka mingi wakihesabiwa kuwa ni wa mtindio wa ubongo. Kumpasua mtoto wa Segawa kabla ya kumjaribu kwa kidonge ni kosa lisilo na udhuru, na ndiyo sababu kanuni ya matabibu ni kwamba levodopa itangulie. Hapa subira, kwa maana ya kuchunguza kwanza, inavuta kheri kweli.

Lakini kuna subira nyengine. Mwaka 2013 madaktari wa watoto wa hospitali ya Evelina, London, walichapisha matokeo yaliyoshtua: kadiri sehemu ya umri ambayo mtoto ameishi na distonia inavyokuwa kubwa, ndivyo anavyofaidika kidogo na umeme, na hili walilikuta kwa distonia ya asili na kwa ile iliyotokana na jeraha la ubongo pia. Sababu moja inaonekana kwa macho. Kiungo kilichopinda miaka 10 hufupika mishipa, mfupa ukafuata, na umeme hauwezi kunyoosha mfupa. Sababu ya pili haionekani, nayo ni kwamba ubongo wa mtoto, ambao hujifunza kila kitu, huenda ukajifunza na msokoto pia. Methali ya samaki mkunje angali mbichi hapa inageuka maana yake na kuwa ya kunyoosha, na ile ya ngojangoja huumiza matumbo inasimama kuikabili ile ya subira. Methali za Kiswahili hazikuwahi kukubaliana zenyewe kwa zenyewe. Zinamngojea mwenye akili achague ipi ni ya wakati upi.

Linalofuata kutokana na hili ni kubwa. Wengi hudhani kwamba mzazi anayekataa upasuaji anaiacha khiari ya mwanawe iwe salama mpaka akue aamue mwenyewe. Mwanafalsafa wa Marekani Joel Feinberg, katika makala ya mwaka 1980, aliiita hiyo haki ya mtoto ya kuachiwa mustakabali ulio wazi: watu wazima wasiifunge leo milango ambayo mtoto atataka kuifungua kesho. Ni hoja tukufu. Lakini katika distonia milango inajifunga yenyewe. Mtoto aliyeachiwa mpaka afike miaka 18 ili aamue, atakabidhiwa uamuzi ambao thamani yake imeshaliwa. Kungoja si kukaa nje ya shauri. Ni shauri lililokwisha kukatwa, ila halina saini.

Hapa neno la Kiswahili linaweza kufanya kazi ambayo lugha ya haki haiimalizi. Neno hilo ni amana. Mtu wa pwani akiachiwa jahazi la mwenziwe aliyesafiri, hana ruhusa ya kulitia katika biashara zake. Lakini hana ruhusa pia ya kuliacha ufukoni likapasuka kwa jua na kutobolewa na wadudu wa baharini, kisha akasema: sikuligusa. Amana inamtaka alikalafati na alipake deheni. Na kukalafati si kazi ya upole. Ni kugonga nyundo na patasi baina ya ubao na ubao usio wako, na mkono mbaya hufungua pale palipokuwa pamefunga. Mshika amana basi yuko baina ya khofu mbili, ya kugusa na ya kuacha, na kila moja ina hesabu yake siku mwenyewe atakaporudi. Mwili wa mtoto ni amana ya namna hii, na mwenye mali yuko njiani anakuja: ni huyo huyo mtoto, akishakuwa mtu mzima.

Tafauti ni moja, nayo ni kubwa: huyu mwenye mali hayuko safarini. Yupo chumbani. Mtoto wa miaka 8 mwenye DYT1 anaweza kueleza kinachomuuma, anachokitamani na anachokiogopa, pengine kwa uwazi kuliko baba yake. Ridhaa ya kisheria ni ya mzazi. Lakini kuipitisha bila ya kumuuliza mtoto ni kulirudia kosa la Berlin, kumsemea mtu juu ya mwili wake huku yeye anasikia. Shida zaidi ni kwa mtoto ambaye distonia imemshika ulimi. Wengi wa hawa huhukumiwa kuwa hawana akili kwa kuwa hawana sauti. Wakipewa ubao wa picha au herufi za kuonesha kwa macho, wako wanaoeleza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuwadhania. Kabla ya kuutoboa ubongo wake, ni haki yake kwanza atafutiwe njia ya kusema la.

Na akisema la? Mtoto wa miaka 6 husema la kwa sindano ya chanjo, na haachiwi. Mtoto wa miaka 13 anayesema kwamba amechoka na hospitali, na kwamba afadhali kiti chake cha magurudumu kuliko kuamka na waya kichwani, amesema jambo ambalo mzazi hana haki ya kulipuuza, hata kama takwimu zote ziko upande wa mzazi. Mpaka baina ya umri huu na ule hauko kwenye kitabu chochote, na anayedai ameuona anasema zaidi ya anavyojua.

Baina ya kugusa na kuacha kuna jambo la tatu lisilozungumzwa sana, nalo ni kwamba upasuaji huu si tukio bali ni ahadi. Mtoto aliyetiwa nyaya akiwa na miaka 8 atahitaji betri akiwa na 20, na 40, na 60. Mzazi aliyetia saini atakuwa ameshafariki. Betri za kuchaji kupitia ngozi zimepunguza visu, maana hutengenezwa zidumu miaka 9 na nyengine 15 au zaidi. Lakini badala ya kisu zimeleta nidhamu ya kila siku au kila wiki, na umeme wa nyumbani usiokatika, na mtu wa kumkumbusha mtoto. Juu ya hayo kuna kampuni inayoitengeneza betri hiyo. Mwaka 2003 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu kifaa hiki kwa wenye distonia kuanzia umri wa miaka 7 kwa njia ya msamaha wa kibinadamu, ambayo haimtaki mtengenezaji athibitishe kwamba kifaa kinafaa, bali kwamba yumkini manufaa yake yanazidi hatari. Msamaha huo upo kwa ajili ya maradhi ya watu wachache. Na watu wachache ni soko dogo.

Lililowapata vipofu ni onyo. Kampuni ya Second Sight ya California iliwatia watu zaidi ya 350 duniani vifaa vya umeme ndani ya macho ili waone mwanga na vivuli. Mwaka 2019 ikaacha kuvitengeneza, na mwaka 2020 ikakaribia kufilisika na kuwafukuza wengi wa wafanyakazi wake. Watu wakabaki na chombo machoni kisichokuwa na fundi wala kipuri. Nyaya za distonia zina soko pana kidogo, kwa sababu kifaa ni ndugu wa kile cha wazee wanaotetemeka. Lakini hakuna mzazi aliyepewa karatasi inayosema nani atakuwapo baada ya miaka 50. Fomu ya ridhaa inataja damu, inataja maambukizo. Ingefaa kutaja na hili.

Kwa msomaji wa visiwani ahadi hii ina sura kali zaidi. Mtoto wa Afrika Mashariki anayepelekwa ng'ambo kupasuliwa kwa michango ya watu wema, kisha akarudishwa mahali ambapo hakuna wa kukirekebisha kifaa chake, amepewa nusu ya tiba na hatari nzima. Wema wa aina hiyo unapigwa picha uwanja wa ndege, na dhoruba ikija, miaka 3 baadaye, haipigwi.

Na kuna jambo la kuhuzunisha zaidi. Miongoni mwa sababu za distonia ya utotoni ni manjano kali ya mtoto mchanga ambayo haikutibiwa ikapanda ubongoni. Rangi hiyo ya manjano hupenda kuharibu sehemu chache za ubongo, na mojawapo ni lile lile tufe lililopauka ambalo mpasuaji analilenga kwa waya wake. Ndiyo kusema, mahali pa tiba pameunguzwa kabla tiba haijafika, na matokeo ya umeme kwa watoto hawa ni ya kubahatisha. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, unaofuatana na nchi za malaria na ambao ni wa kawaida katika mwambao wote huu, huzidisha hatari ya manjano hiyo. Hata naftalini zinazowekwa kwenye nguo za mtoto zaweza kuichochea. Na tiba yake ni mwanga. Katika miaka ya 1950, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, muuguzi mmoja aliona kwamba vichanga waliopigwa na jua hupungua manjano yao pale jua lilipowagusa, na kutokana na jicho lake hilo ikazaliwa taa ya buluu iliyoelezwa katika Lancet mwaka 1958. Taa hiyo, siku chache, wiki ya kwanza ya maisha. Baada ya hapo ni nyaya, betri, visu, na asilimia zisizo na uhakika.

Kuitaja taa si kumwambia mzazi ambaye mwanawe ameshapinda kwamba alikuwa na makosa. Yeye anakabiliwa na mtoto aliyepo. Betri ya kwanza, ikiwa ni ya aina isiyochajiwa, itaisha mtoto akiwa na miaka 11 au 12. Itabidi aulizwe tena kama anataka nyengine, na safari hii atakuwa ameishi na umeme na ameishi bila ya umeme, jambo ambalo wala mama yake, wala baba yake, wala mpasuaji wake hajawahi kulionja.